SOMO LA MWEZI: Ugonjwa wa Masizi katika Nepia, na Jinsi ya Kuuondoa Shambani bila Dawa za Sumu

Mwezi huu somo letu ni juu ya nyasi. Huenda mtu akauliza, "Nyasi nazo zina somo gani?" Lakini kila mwenye ng'ombe wa maziwa katika shamba dogo ajua kwamba nyasi ndizo maziwa, na maziwa ndiyo karo ya watoto, sukari ya nyumbani na deni la duka. Nyasi zikiharibika, ng'ombe hukonda, na ng'ombe akikonda nyumba nzima hukonda naye.

Mpango mkubwa wa kuwapa Waafrika mashamba ya Wazungu, ule wa eka milioni moja, ulianza mwaka 1962. Shamba lililopimwa siku zile kwa jamaa moja, leo mara nyingi limegawanywa kwa wana na wajukuu. Malisho ya wazi yamekwisha. Ng'ombe husimama bandani, nasi tunamkatia nyasi na kumpelekea. Nyasi tunayoitegemea zaidi kwa kazi hiyo ni nepia, maana hukua upesi, hukatwa na kuchipuka tena, na kipande kidogo cha ardhi hutoa mzigo mkubwa. Basi ugonjwa unaoshika nepia ni ugonjwa unaomshika mkulima mwenyewe. Tusome kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine.

1. UGONJWA WENYEWE NI NINI?

Ugonjwa wa masizi, ambao vitabuni huitwa fugwe, huletwa na ukungu. Wataalamu wameuita ukungu huo Ustilago kamerunensis. Katika Kenya ulianza kuonekana miaka ya 1990 katika wilaya za kati, kisha ukaendelea kuenea.

Watu wengi wakisikia neno ukungu hufikiri juu ya ule weupe unaoota juu ya mkate uliolala. Ule huuona kwa nje. Ukungu wa masizi si hivyo. Huu huishi ndani ya shina la nepia, katika mizizi na machipukizi, kama mgeni aliyejifungia chumbani. Kwa nje huoni kitu mpaka siku unapotoa masuke yake meusi. Wakati huo umekwisha kukaa ndani siku nyingi.

Kila suke jeusi limejaa vumbi laini kama masizi ya chungu. Vumbi hilo ndilo mbegu za ukungu. Ukiligusa, mkono huwa mweusi. Upepo ukivuma, vumbi huruka na kuangukia machipukizi machanga ya nepia iliyo karibu, nalo huota huko na kuingia ndani. Ndivyo ugonjwa unavyopita kutoka shina moja hadi jingine.

2. DALILI ZA KUUTAMBUA

Nepia nzima ikikatwa kila baada ya wiki 6 hadi 8 huwa haipati nafasi ya kutoa masuke. Huwa imejaa majani mapana tu. Kwa sababu hiyo suke lenyewe ni alama. Ukiona nepia ndogo, bado haijafika hata kiunoni, imeshatoa suke, simama hapo hapo uangalie vizuri.

Dalili ni hizi:

(a) Shina hutoa masuke mapema kuliko mengine, wakati nepia ya jirani yake ingali majani matupu.
(b) Masuke ni meusi, na yana vumbi linalopaka mkono.
(c) Mabua ni membamba na magumu, kama ya nyasi za kando ya njia.
(d) Majani ni mafupi na machache.
(e) Kila ukikata, shina huchipuka likiwa dhaifu zaidi kuliko mara iliyotangulia, na mwisho hukauka.

Usingoje kuona dalili zote tano. Suke jeusi moja latosha.

3. USICHANGANYE NA MAGONJWA MENGINE

Nepia ina magonjwa mengine mawili ambayo watu huyataja kwa jina moja na hili. Mganga asiyejua ugonjwa hawezi kutibu, basi tuyatenge.

Ugonjwa wa kudumaa. Nepia huchipuka baada ya kukatwa lakini hubaki fupi, majani ni madogo na rangi yake ni ya manjano. Hakuna suke jeusi. Ugonjwa huu hauletwi na ukungu. Huletwa na kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho, nacho huchukuliwa na panzi wadogo wanaonyonya majani. Umewasumbua sana wakulima wa magharibi mwa Kenya.

Ukungu mweupe. Huu huonekana juu ya majani kama madoa meupe ya unga, hasa wakati wa baridi na unyevu. Aina ya nepia iitwayo Clone 13 ilitolewa kwa ajili ya kuushinda ukungu huu mweupe. Lakini mkulima asidhani kwamba kwa sababu hiyo Clone 13 huzuia masizi. Kila ugonjwa na dawa yake.

Kwa ufupi kumbuka hivi: suke jeusi ni masizi, ufupi na manjano ni kudumaa, unga mweupe juu ya majani ni ukungu mweupe.

4. HASARA YAKE: TUFANYE HESABU

Wataalamu waliopima mashamba yenye masizi hapa Kenya waliona mavuno ya nyasi yakipungua kwa robo, na penginepo karibu nusu. Maneno haya yaweza kupita masikioni bila kuingia moyoni, kwa hiyo tuyatie katika hesabu ya nyumbani.

Tuseme mkulima ana eka moja ya nepia, nayo yamtosha ng'ombe mmoja. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Akipanda kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, ana mashina yapata 4,000. Tuseme tena kwamba shina moja katika kila manne limeugua, yaani mashina 1,000, na kwamba shina gonjwa hutoa nusu tu ya nyasi. Amepoteza nyasi za mashina 500, yaani sehemu moja katika nane.

Huzungusha kukata shamba lake lote kwa wiki 8, ambazo ni siku 56. Sehemu ya nane ya siku 56 ni siku 7. Maana yake, katika kila wiki 8 kuna wiki moja nzima ambayo ng'ombe hana chakula. Ng'ombe mkubwa wa Friesian hula nyasi mbichi kiasi cha kilo 70 kwa siku. Kwa siku 7 ni kilo 490. Nyasi hizo itambidi azinunue kwa fedha, au ng'ombe alale njaa na maziwa yapungue.

Ugonjwa ukifika nusu ya mashina, siku za njaa huwa 14. Ukishika shamba lote, huwa 28. Wakati huo si shamba la nepia tena. Ni shamba la masizi.

Wasomaji, ninyi wenyewe fanyeni hesabu hii kwa mashina ya kwenu. Tembeeni mstari mmoja wa mashina 40, mhesabu yenye suke jeusi. Yakiwa 10, hali yenu ni kama ya mkulima huyu wa mfano.

5. UNAVYOSAFIRI

Upepo huchukua vumbi, lakini upepo si mkosaji mkuu. Msafirishaji mkuu wa masizi ni sisi wenyewe.

Nepia haipandwi kwa mbegu za dukani. Hupandwa kwa vipande vya mabua au kwa mashina yaliyopasuliwa, na vipande hivyo hupatikana kwa kupewa. Mtu aenda kumsalimu mjomba wake, arudi na mzigo wa vipande juu ya pikipiki. Shemeji aja kwa mazishi, aacha mzigo mwingine. Ni upendo mwema, lakini kipande kilichokatwa katika shina gonjwa kina ukungu ndani yake tangu siku ya kwanza. Kwa macho ni kizima kabisa. Chapandwa, chachipuka, na baada ya miezi michache chatoa suke jeusi katikati ya shamba safi.

Njia nyingine ni hizi: nyasi zenye masuke zinazonunuliwa kando ya barabara, panga na nguo zilizopakwa vumbi, na samadi mbichi kutoka katika banda ambamo masuke meusi yalitupwa chini.

Hata ofisini kwetu tumeona hatari hii. Watu huja wameshika suke jeusi mkononi, wamelichukua kutoka nyumbani kwa matatu, ili kuuliza, "Karani, hiki ni kitu gani?" Wanafanya vema kuuliza, lakini njia nzima wamekuwa wakipanda ugonjwa. Ukitaka kuleta suke lionekane, lifunike kwa mfuko wa karatasi wa unga lingali juu ya bua, ulikate likiwa ndani, kisha ukunje mdomo wa mfuko mara mbili.

6. KWA NINI TUSINYUNYIZE DAWA?

Swali hili huulizwa kila wakati, na jibu lake ni fupi. Kwanza, ukungu uko ndani ya shina. Maji ya dawa hubaki juu ya majani na mgonjwa hayafikii. Pili, nepia ni chakula. Sumu inayonyunyizwa juu ya majani leo huenda tumboni mwa ng'ombe kesho, na kutoka hapo yaweza kuingia katika maziwa ya watoto.

Wengine hunyunyiza majivu. Wengine hutumia mkojo wa ng'ombe au maji ya pilipili. Vitu hivi vina kazi zake mahali pengine, lakini navyo havifiki ndani ya shina. Tuseme kweli bila kuficha: shina likishaugua halina dawa, iwe ya dukani wala ya kienyeji. Njia za asili ambazo tutazifundisha hapa haziponyi shina lililougua. Hulinda yale mazima, na kwa kufanya hivyo huokoa shamba. Kwa sababu hiyo mkulima anayechelewa akitafuta dawa ya kuponya hupoteza mashina mengi kwa ajili ya kuhurumia machache.

7. KAZI YA KUFANYA

Hatua ya kwanza: Kukagua. Tembea katika nepia yako mara moja kila wiki, mstari kwa mstari. Chukua vijiti, na kila uonapo shina lenye suke jeusi choma kijiti kando yake. Usikate kitu bado. Ukikagua huku unakata, utabeba vumbi kutoka shina hadi shina.

Hatua ya pili: Kufunika suke. Fanya kazi hii asubuhi mapema wakati umande ungali juu ya majani na upepo umetulia, maana vumbi lenye maji haliruki. Vika suke mfuko wa karatasi, kata bua chini ya mfuko, kisha utie mfuko na suke lake ndani ya gunia. Usilitikise.

Hatua ya tatu: Kung'oa. Ng'oa shina lote kwa jembe, mizizi na yote. Kukata juu na kuacha mizizi ni kujidanganya, kwa kuwa ukungu u katika shina nalo litachipuka likiwa na ugonjwa ule ule. Palilia pembeni uone kama kuna kipande kilichobaki katika udongo, nacho ukitoe.

Hatua ya nne: Kuharibu. Chimba shimo pembeni mwa shamba, mbali na banda na mbali na nepia. Tia mashina na lile gunia. Ukiweza, yaache yanyauke humo humo shimoni kisha uyachome siku isiyo na upepo, ukijihadhari na moto usifike kwenye ua au nafaka ya jirani. Ikiwa ni wakati wa mvua na hayashiki moto, yafukie kwa udongo wa futi mbili. Usiyatupe barabarani wala mtoni. Usimpe ng'ombe, usiyatandike bandani, wala usiyatie katika shimo la mboji.

Hatua ya tano: Kuosha. Osha panga na jembe kwa maji na sabuni. Badili nguo kabla ya kuingia katika nepia nzima. Afadhali ukate nyasi za ng'ombe kwanza, sehemu safi, ndipo uende kwenye kazi ya wagonjwa baadaye.

Hatua ya sita: Kukata kwa wakati. Nepia iliyobaki ikate kila baada ya wiki 6 hadi 8, ikiwa na urefu wa futi tatu hivi. Shamba linalokatwa kwa wakati haliachi masuke yakomae na kumwaga vumbi. Nepia iliyoachwa ikawa ndefu kuliko mtu si akiba. Ni ngumu, haina nguvu ya chakula, na huficha masizi ndani yake.

Hatua ya saba: Kulisha udongo. Nepia hula sana. Kila ukikata na kupeleka bandani, umeondoa rutuba shambani, na lazima uirudishe. Nepia yenye njaa huchipuka polepole, nayo haiwezi kuziba pengo la mashina yaliyong'olewa. Palilia baada ya kukata, kisha rudisha samadi. Lakini samadi iwe imeiva. Irundike, ifunike kwa majani au udongo kidogo, na uipindue kila baada ya wiki tatu kwa muda wa miezi mitatu. Choma fimbo ndefu katikati ya rundo. Ukiichomoa nayo ina moto, ujue samadi inajipika vizuri. Joto hilo ndilo mlinzi wako.

8. NG'OMBE ATAKULA NINI WAKATI HUO?

Hapa ndipo wengi hukwama. Mtu asema, "Nikiing'oa nepia yangu, ng'ombe wangu afe?" Neno hili ni la haki, wala hatutalipuuza.

Ikiwa mashina magonjwa ni machache, moja katika kumi au chini yake, ng'oa yote katika wiki moja. Ng'ombe hataona tofauti kubwa, nawe umemaliza kazi.

Ikiwa ni mengi, usiling'oe shamba lote kwa siku moja. Gawanya shamba katika sehemu nne. Katika sehemu zote, masuke meusi yaondolewe kila wiki kwa mfuko kama tulivyosema, ili vumbi lisizidi. Kisha anza kung'oa na kupanda upya sehemu moja kila msimu wa mvua, ukianza na ile iliyo upande unaotoka upepo. Sehemu nyingine zitaendelea kumlisha ng'ombe. Ni kazi ya mwaka mmoja na nusu au miwili, lakini ina mwisho. Kazi ya kukata masuke tu bila kung'oa haina mwisho.

Miezi kabla ya kung'oa, panda chakula cha kusaidia: mahindi ya kukata yangali mabichi, viazi vitamu kwa ajili ya majani yake, au desmodiamu. Mabua ya mahindi baada ya mavuno yasichomwe. Yakatwe vipande na kuwekwa mahali pakavu. Mwenye ng'ombe wawili na nyasi za mmoja naye afikiri vizuri. Ng'ombe mmoja aliyeshiba hutoa maziwa kuliko wawili wenye njaa.

9. KUPANDA UPYA

Mahali palipong'olewa pasipandwe nepia siku ile ile. Panda kwanza maharagwe au viazi vitamu kwa msimu mmoja, na ukiona chipukizi la nepia limejitokeza, ling'oe. Hivyo utakuwa na hakika kwamba hakuna kipande kigonjwa kilichobaki chini.

Aina ya kupanda. Watafiti wa kilimo hapa nchini, ambao sasa wako chini ya shirika la KALRO, walichagua aina za nepia zinazohimili masizi. Zilizo mashuhuri ni Kakamega 1 na Kakamega 2. Lakini sikilizeni vizuri ninyi wa upande wa magharibi: kuhimili masizi si kuhimili kudumaa. Aina iliyo nzuri kwa ugonjwa mmoja yaweza kushindwa na mwingine. Kwa hiyo kabla ya kupanda, muulize afisa wa kilimo wa wadi yako ni ugonjwa gani ulio mkubwa kwenu na ni aina gani ifaayo. Ninyi mlio juu sana, kwenye baridi kali na jalidi, nepia haisitawi vizuri kwenu hata bila ugonjwa. Ulizeni habari za shayiri ya mifugo na nyasi nyingine za baridi.

Kuchagua vipande. Usichukue kipande katika shamba ambalo hujalitembea. Nenda mwenyewe ukaangalie shamba lote, si ule mzigo uliofungwa tu. Ukiona hata suke moja jeusi, shukuru na urudi mikono mitupu. Na anayetoa asione haya kusema, "Ndugu yangu, nepia yangu inaumwa, siwezi kukupa." Huyo amekupa zawadi kubwa kuliko mzigo wa vipande.

Kupanda. Kata vipande vyenye vifundo vitatu kutoka kwa mabua yaliyokomaa. Vipande viwekwe vikilala upande kidogo, vifundo viwili vikiwa ndani ya udongo na kimoja juu. Nafasi ni mita moja kwa mita moja. Tia samadi iliyoiva katika kila shimo.

Mwenye ardhi ndogo atumie njia ya tumbukiza. Chimba mashimo ya mviringo yenye upana wa futi mbili na kina cha futi mbili. Changanya debe moja la udongo wa juu na debe moja au mawili ya samadi, ujaze shimo lakini uache inchi sita juu ili maji ya mvua yakusanyike. Panda vipande 5 hadi 10 katika kila shimo. Njia hii hutoa nyasi nyingi katika ardhi ndogo, na kukagua masizi ni rahisi kwa sababu kila shimo lajitegemea.

Usikate mara ya kwanza kabla nepia haijafika futi tatu, yaani miezi mitatu au minne hivi.

10. JIRANI YAKO

Katika mashamba ya makazi tumepakana kwa waya na ua. Masizi hayajui mpaka. Ukisafisha shamba lako na jirani akaacha lake, vumbi litarudi. Nepia iliyopandwa kwenye makinga-maji na kando ya barabara, ambayo hakuna anayeiangalia, nayo ni ghala la ugonjwa.

Basi jambo hili lipelekwe katika chama chenu cha maziwa au kikundi cha wakulima. Chagueni siku moja ya mwezi, na majirani watatu au wanne wakague mashamba yao pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Macho manne huona kuliko mawili, na mtu haoni haya kung'oa wakati mwenzake naye ang'oa. Aliye mzee au mjane asiye na nguvu ya kushika jembe asaidiwe kwanza, maana shamba lake likibaki na masizi, ya wengine yote yamo hatarini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu tutaujenga sote.

MASWALI YA KUJIPIMA

Wasomee watu wa nyumbani somo hili, kisha muwaulize maswali haya bila kuangalia majibu.

Swali 1: Nepia fupi yenye majani ya manjano, bila suke jeusi, ina ugonjwa gani?
Jibu: Ni ugonjwa wa kudumaa, si masizi.

Swali 2: Kwa nini haifai kukata shina gonjwa na kuacha mizizi?
Jibu: Kwa sababu ukungu huishi ndani ya shina na mizizi, na chipukizi litakuwa na ugonjwa.

Swali 3: Kazi ya kuondoa masuke hufanywa saa gani, na kwa nini?
Jibu: Asubuhi mapema wakati wa umande, ili vumbi lisiruke.

Swali 4: Mkulima ana mashina 4,000, nusu yameugua, na shina gonjwa hutoa nusu ya nyasi. Katika siku 56, atakosa nyasi siku ngapi?
Jibu: Mashina 2,000 yameugua, hasara ni nyasi za mashina 1,000, yaani robo. Robo ya siku 56 ni siku 14.

Swali 5: Mjomba amekuletea vipande vya nepia vizuri, lakini hujaona shamba lake. Utafanya nini?
Jibu: Utamshukuru, utamkaribisha chai, na vipande hutavipanda mpaka umekwenda kulitembelea shamba lake.

Mwenye swali ambalo halikujibiwa hapa na afike katika ofisi ya kilimo iliyo karibu naye siku yoyote ya kazi. Akija na suke, alilete ndani ya mfuko uliofungwa. Kesho asubuhi, kabla ya kukata nyasi za ng'ombe, chukueni vijiti mkaanze hatua ya kwanza.